Koleo Lililopikwa kwa Kwato

Mbuke hakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha mtu. Ukimkaribisha atakwambia, "Wabeja, asante, nimezoea chini," kisha atatandika khanga yake kuukuu barazani, upande ule upepo unakopitia. Ukimletea chai atapokea kikombe, atashukuru, na ukigeuka ataimwaga kwenye maua. Wasiojua walisema anaringa. Anaringia nini, jamani, mwanamke aliyeshuka kwenye basi kutoka Didia na rambo moja la nguo?

Mama Violeth alijua, kwa sababu ndiye aliyemfuata huko Didia, akamwambia mbele ya mama yake mzazi: "Twende Geita. Hospitali kwetu watakushona, utarudi mkavu." Kwa miaka tisa, tangu uchungu ule wa siku tatu uliomchukua mtoto na kumwachia fistula, mkojo ulikuwa ukimtoka Mbuke wenyewe, akilala, akisimama, akipalilia. Mume alivumilia mwaka mmoja, akaoa mwingine. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia "utarudi mkavu", umejifunga kamba mwenyewe, na huna wa kukufungua.

Nimweleze kidogo huyu Mama Violeth, maana ukikutana naye njiani utadhani ni mama wa kufua mashuka tu. Jina lake ni Justa Ndaki. Katika hospitali moja ya misheni, nje kidogo ya mji wa Geita kwenye barabara ya kwenda Chato, kuna chumba chenye sinki mbili, meza ya bati na mtambo wa mvuke unaokoroma. Humo amekaa miaka kumi na tisa. Kila mkasi, kila kibanio, kila kisu cha upasuaji hupita mikononi mwake. Anakiosha, anakikagua, anakinoa, anakifunga kitambaani na kukipika kwa mvuke. Hana cheti cha kazi hiyo. Ana baba yake.

Mzee Ndaki alikuwa mhunzi. Alifua majembe ya Didia nzima, na machimbo ya dhahabu yalipochangamka akahamia kwenye tindo za wachimbaji, zile za kuvunjia mwamba. Watoto wake wa kiume hawakukua, kwa hiyo aliyevukuta mivuo alikuwa Justa. Majirani walinong'ona kwamba mtoto wa kike hasogezwi kwenye tanuri, mzee akawajibu kwamba wanaonong'ona waje wavukute wao. Hawakuja. Basi Justa akajifunza siri iliyowafanya wachimbaji wampite kila mhunzi mwingine waje kwa Ndaki. Mzee alizika tindo ndani ya chungu, katikati ya unga wa mkaa na kwato za ng'ombe zilizochomwa na kupondwa, akafunga mdomo kwa udongo, akakiacha motoni tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kisha aliitoa ikiwa nyekundu na kuizamisha. "Chuma kinakula, mwanangu," alikuwa akisema. "Kikila kwato, ngozi yake inakuwa ngumu, tumbo linabaki laini. Ndiyo maana hakichakai na hakivunjiki."

Maneno hayo Justa aliyashika kama wengine walivyoshika katekisimu, na ndiyo yaliyomponza.

Chombo kilichomponza chenyewe ni kidogo. Vitabuni ni kishika sindano, lakini binti wa mhunzi alikiita koleo, na kweli ni koleo: mdomo mfupi wenye meno madogo madogo, mikono mirefu, na kufuli karibu na matundu ya vidole. Daktari hubana sindano mdomoni mwa koleo na kushona ndani kabisa, mahali ambapo vidole havifiki. Meno ya koleo yakilika, sindano inazunguka. Na sindano ikizunguka ndani ya nyama ya mtu, inachana.

Hospitali ilipata kuwa na makoleo mawili mazuri, yenye mikono ya rangi ya dhahabu. Rangi ile ni alama tu. Inamwambia daktari kwamba midomoni pamebandikwa madini magumu kuliko chuma chenyewe, yasiyolika upesi. Lakini nenda kawaambie hivyo watu wa Geita. Geita mtu akiona kitu cha njano, akili inahama. Siku moja makoleo hayakuonekana. Mfagiaji mmoja, ambaye jina lake silitaji kwa sababu ana watoto, aliyapeleka kwa mnunuzi wa dhahabu mjini na kuyaweka mezani kwa adabu zote. Mnunuzi akakwangua kwa ncha ya kisu, akadondosha tindikali tone moja, na dhahabu yote ikabanduka kama rangi ya kucha. "Bwana," akamwambia, "umeniletea mkasi usiokata." Kwa aibu jamaa akayatupa kwenye duara lililotelekezwa, shimo limejaa maji, na yako humo mpaka leo.

Yakabaki makoleo mawili ya kawaida, ya stenlesi tupu, yenye meno ya kizee. Kwa mojawapo ya hayo ndipo Mbuke aliposhonwa mara ya kwanza, na hakupona.

"Sindano ilizunguka mara tatu," alisema Daktari Abel siku ile, akivua glavu. "Nyama imechanika. Tuiache ipone. Madaktari wa fistula wakija mwakani, mwezi wa saba, tutamshona tena nao. Ila jaribio la pili ndilo la kulitegemea, Mama Violeth. Likishindikana, la tatu sina la kuahidi."

Justa aliichukua trei kwenda kuiosha. Asubuhi ile alikuwa amelijaribu koleo kwa mkono wake mwenyewe, kama anavyojaribu siku zote: bana sindano, funga kufuli mpaka jino la pili, kisha jaribu kuizungusha kwa vidole. Ilizunguka kidogo. Akasema moyoni, si kitu, halipo jingine, akalifunga kitambaani. Tangu siku hiyo kila alipomkuta Mbuke barazani kwake juu ya khanga, aliiona sindano ile ikizunguka. Alimpa chumba, alimpa sabuni, alimpa mboga, na hakuweza kumwambia.

Barua ya kuomba makoleo mapya ilienda. Jibu likaja kwamba wasubiri. Mwezi wa sita ulipoingia na hakuna kilichofika, Justa aliyatia makoleo yote mawili mfukoni siku ya Jumamosi, na Jumapili baada ya misa akachimba meko uani kwake.

Alianza na tupa nyembamba, akayachonga meno upya, jino kwa jino, macho karibu yagusane na chuma. Kisha akachukua chungu, unga wa mkaa, na kwato alizookota buchani, akafunga kwa udongo na kuvukuta. Harufu ya kwato ikatanda mtaa mzima. Jirani akachungulia juu ya ua ameshika bakuli: "Mama Violeth, makongoro yako yanaungua." Justa akacheka, akamwambia makongoro ya leo hayanyweki. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mwaka uliopita. Jioni alilitoa la kwanza likiwa jekundu, akalizamisha kwenye mafuta, akafuatisha la pili, akayasugua kwa jivu na kitambaa mpaka yakang'aa. Tupa ikateleza mdomoni mwa koleo bila kuuma hata chembe. Akabana sindano, akafunga kufuli, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Haikuzunguka.

"Umenunua mapya?" Daktari Abel alimwuliza wiki ile, akitoka kumshona mama mmoja.

"Nimeyanoa tu, Daktari."

"Basi una mkono wa dhahabu."

Justa akaupokea ule mkono wa dhahabu, akaenda nao nyumbani.

Wiki ya tatu ndipo ilipoonekana doa. Doa moja, dogo, la rangi ya chai, kwenye mdomo wa koleo lililotoka kwenye mvuke. Akalisugua, likatoka. Kesho yake yakawa manne. Aliyasugua zaidi, na kadiri alivyosugua ndivyo yalivyozidi. Wiki iliyofuata alifungua trei ya upasuaji na kukuta madoa yamerukia mikasi na vibanio, vifaa ambavyo vilikuwa havijawahi kushika kutu tangu viingie nchini. Hapo akahesabu siku. Madaktari wa fistula walikuwa wanafika Jumamosi. Mbuke alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya Jumanne.

Sasa hapa sitamtetea, maana hadithi ya mtu usipoisimulia na aibu yake umemsimulia mtu mwingine. Sista Euphrasia, msimamizi wa hospitali, aliiona trei na kutaka maelezo. Ikajulikana kwamba Salome, msaidizi wa Justa, dada wa mkataba wa mwaka mmoja, aliwahi kuloweka vifaa kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe. Aliloweka mara moja, na ilikuwa mwaka jana. Ikatosha. Salome akapewa barua: Jumatatu aje na maelezo, au mkataba wake uishie hapo. Alilia palepale, ameshika sinki. Na Justa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na alinyamaza.

Jumamosi asubuhi hakwenda kazini moja kwa moja. Alitoka barazani, akamkuta Mbuke anachambua matembele, akavuta kigoda.

"Mbuke, yale makoleo ya kushonea yameota kutu. Ni mimi. Niliyapika kama tindo za baba yangu." Akamweleza yote, mpaka sindano iliyozunguka mwaka jana, asubuhi ile aliyosema si kitu. "Nikisema leo, trei nzima inaweza kukataliwa, wakakuahirisha mpaka mwakani. Nikinyamaza, watakushona kwa kutu, na Salome atafukuzwa."

Mbuke aliendelea kuchambua. Akamaliza tawi moja, akachukua jingine.

"Na ile ya mwaka jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akalichambua lile tawi mpaka likabaki bua tupu.

"Mayu," alisema mwishowe, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "mimi nimenuka miaka tisa kwa kosa ambalo si langu. Huyo Salome unataka anuke kwa kosa la nani?" Akatupa bua pembeni. "Mwaka mmoja naujua. Nimekaa tisa. Nenda kawaambie."

Hakumwambia kwamba amemsamehe, na Justa hakuomba.

Mficha uchi hazai, alijisemea njiani, kisha akabisha ofisini kwa Sista Euphrasia. Daktari Abel alikuwepo, pamoja na mgeni mmoja wa makamo, Eliya, fundi wa vifaa tiba aliyetangulia na mizigo ya wale madaktari. Justa alisema akiwa amesimama. Alipofika kwenye kwato Sista akavua miwani.

"Kwato za ng'ombe," alisema Sista. "Kwenye vifaa vya upasuaji."

"Ndiyo, Sista."

"Na ukamwacha Salome alie."

Justa aliangalia sakafu, machozi yakamtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Eliya alikuwa amelichukua koleo, analigeuza chini ya lenzi yake. "Meno haya umechonga kwa mkono?" aliuliza. "Kazi nzuri. Samahani, Sista, najua si wakati wake." Akamgeukia Justa. "Mama, kwa tindo baba yako alikuwa sahihi kabisa. Tindo ni chuma cha kawaida, kikipata kutu unakisugua unaendelea. Stenlesi ni habari nyingine. Haizuii kutu kwa ugumu wake. Ndani yake kuna madini yanaitwa kromiamu, nayo yanaitengenezea ngozi nyembamba sana, jicho haliioni. Ngozi hiyo ndiyo kinga. Wewe kwa moto mkali uliuingiza mkaa ndani, mkaa ukaikamata kromiamu ya juu yote ukaifunga. Ukapata ugumu, ukapoteza ngozi."

Justa akafuta macho kwa pindo la khanga. Hata kwenye balaa lile, binti wa mhunzi aliamka ndani yake. "Hakuna namna ya kupata vyote viwili?"

"Ipo. Viwandani wanatumia moto mdogo, ambao chuma hakifiki hata kuwa chekundu. Wanakiweka kwenye chungu kilichotolewa hewa, wanaingiza gesi ya naitrojeni na kuiwasha kwa umeme, saa ishirini, wengine zaidi. Inapenya polepole. Kromiamu haipati joto la kuhama, inabaki kazini."

"Baba alisema chuma kinakula."

"Kinakula, Mama. Ila hiki ulikilisha kwa pupa."

Justa akatamani mzee angekuwa hai asikie, maana angebisha kwanza, kisha angeuliza chungu hicho kinauzwa wapi.

Kuhusu trei, Eliya alisema makoleo mawili ndiyo yaliyokwisha. Vifaa vingine vilikuwa vizima. Kutu ya makoleo ilikuwa imevirukia tu kwenye mvuke, kama samaki mmoja akioza. Alikuwa na gunia dogo la unga wa ndimu, ule ule wa kuungia achari. Ukiuyeyusha kwenye maji ya moto na kuloweka vifaa, kutu ya kudandia inatoka, na stenlesi ikiachwa safi, ikapata hewa, ngozi yake inajiotea tena yenyewe. Kazi ilikuwa kusugua kila bawaba na kila jino kwa mswaki laini, kukagua kwa lenzi, na kurudia. Vifaa mia mbili na arobaini. Siku ilikuwa moja, Jumapili, maana Jumatatu yote ilikuwa ya kuvipika kwa mvuke.

"Nani atafanya?" aliuliza Sista.

"Mimi," alisema Justa.

Jumapili hiyo hakwenda misa. Salome alikuja, kwa sababu Sista alimwita na kuichana barua yake mbele ya macho yake. Alifunga aproni na kushika mswaki bila salamu. Justa akamwomba msamaha, naye akaendelea kusugua. Wakafanya kazi tangu saa moja asubuhi, mmoja analoweka, mwingine anasuuza, vidole vimekunjamana kwa ile ndimu, na chumba kizima kinanuka kama kibanda cha achari. Saa tisa alasiri, wakiwa kwenye mikasi, Salome akasema bila kuinua macho: "Mama, ungeniambia siku ile ile, ningekusaidia kuficha."

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema Justa.

Salome akajizuia, akashindwa, akacheka. Kutoka hapo waliongea. Jua likiwa bado juu ya paa la wodi ya wazazi, Eliya alipita na lenzi, akakagua kimoja kimoja, akarudisha sita vioshwe tena, kisha akasema Jumanne kazi ipo.

Uamuzi wa Sista ulisomwa Jumatatu. Salome atakuwa mkuu wa chumba. Justa atabaki, chini ya Salome, na hatatengeneza kifaa chochote bila fundi kuona. Baada ya miaka kumi na tisa, akaanza kuomba ufunguo wa kabati lake mwenyewe kwa aliyekuwa msaidizi wake. Ilimuuma, na anasema mpaka leo inamuuma. Daktari Abel alimrudishia makoleo mawili yaliyokufa, yamefungwa kwenye gazeti. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akamwambia, na Justa akaitikia kwa kichwa tu.

Jumanne Justa aliosha koleo la madaktari wageni, lenye mikono ya njano. Alibana sindano, akafunga kufuli mpaka jino la pili, akajaribu kuizungusha. Akajaribu tena. Akamwita Salome naye ajaribu. Haikuzunguka hata kidogo. Akalifunga, akalipika, akalipeleka kwenye dirisha la chumba cha upasuaji, na kwa saa mbili na nusu zilizofuata alisugua sinki ambayo ilikuwa safi.

Mbuke alilala siku kumi na nne na mpira wa mkojo. Siku ya kutolewa mpira Daktari Abel alimwambia anywe maji mengi na atembee uani, na adhuhuri arudi apimwe. Justa hakwenda kuangalia. Aliogopa, na aliona kwamba hastahili kuwa mbele kwenye jambo hilo. Siku ya tatu yake, kabla ya basi la Shinyanga, Mbuke alikuja nyumbani kuchukua rambo lake.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Karibu, mwanangu, karibu." Na kwa mazoea ya mwaka mzima, Justa akaichukua ile khanga kuukuu kutoka kwenye kamba, akaitandika barazani upande wa upepo.

Mbuke akaiangalia. Akainama, akaiokota, akaikunja mara nne na kuitia kwenye rambo. Kisha akampita Justa mlangoni, akaingia sebuleni, akakaa kwenye kile kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe cha kufuma. Alikaa mgongo wima, mikono magotini. Baada ya muda akainuka, akakigusa kitambaa kwa kiganja, upande huu na upande ule, taratibu, akahakikisha. Akakaa tena.

"Nipe chai, Mayu," alisema. "Kikombe kikubwa."